Taa ya injini imerudi baada ya matengenezo

SWALI: Shikamoo fundi. Taa ya injini iliwaka, mashine ya kupima ikasoma namba ya hitilafu P0171. Fundi wangu akabadilisha sensa ya oksijeni (inayopima oksijeni kwenye moshi), akafuta namba hiyo. Baada ya siku chache taa imerudi, na gari likisimama kwenye foleni silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba. Je, niliuziwa sensa mbovu? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Sidhani. P0171 inamaanisha injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Mara nyingi sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa hiyo, na ilisema kweli. Inaniuma kuona watu wakinunua vipuri kwa kufuata namba tu.

Kwa kuwa silensa inayumba, anza na mipira ya hewa. Kagua bomba kati ya sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia) na throto (mlango wa hewa wa injini), hasa kwenye mikunjo yake. Huko mpira hupasuka bila kuonekana mpaka uukunjue. Kisha gasketi ya manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda.

Mwombe fundi asome kwenye mashine asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza. Ikiwa juu gari likiwa silensa na kushuka ukikanyaga mafuta, hewa inavuja. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, tazama pampu na chujio la petroli, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Usichomoe betri ili kuzima taa. Unafuta kumbukumbu tu. Taa ikianza kumetameta, simamisha gari: injini inamisi (silinda inakosa kuwaka), na katalaiza, kifaa cha kusafisha moshi, inaweza kuungua.