Mtoto anatapika dawa mseto: fanya hivi

Pole sana dada. Umesema mwanao wa miaka mitatu ametapika dozi ya kwanza ya mseto, yaani vidonge vya malaria; hiyo inatokea sana, usijilaumu kabisa. Kama ametapika ndani ya nusu saa tangu ameze, dozi hiyo haihesabiki, inarudiwa yote. Rudi kituoni waeleze wakupe vidonge vya kufidia, usichukue vya kesho ukapunguza, maana dozi ni sita kwa siku tatu na zote zinahitajika.

Halafu, usimpe tumbo likiwa tupu. Mseto unafyonzwa vizuri ukiwa na chakula chenye mafuta kiasi. Wangu alikuwa anafumba mdomo akiona kijiko tu. Nikawa nampa kwanza uji wa maziwa, vijiko vinne vitano, kisha nasaga kidonge kati ya vijiko viwili, nachanganya na maji kidogo sana yasizidi funda moja. Nampa kidogo kidogo ndani ya shavu, amekaa wima, namalizia na parachichi. Anayenyonya, ziwa linatosha. Usimlaze papo hapo.

Kukosa hamu ya kula na kulegea kidogo nilivitegemea. Lakini akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, akipata degedege au ukimwita haamki vizuri, dada yangu usingoje kukuche, mbebe hospitali usiku huohuo. Hiyo inaweza kuwa malaria kali, na hapo anahitaji sindano.