Kumpeleka mama Kedarnath: msiende Julai

Ndugu yangu, umeuliza kama mama yako mwenye umri wa miaka 67, anayetumia dawa za shinikizo la damu, anaweza kuhiji Kedarnath, hekalu la mungu Shiva wa Wahindu katika milima ya Himalaya, mwezi Julai. Nakusihi usimpeleke mwezi huo, kwa kuwa mvua za masika ya India huporomosha milima ya Uttarakhand, jimbo lenye hekalu hilo, na kufunga barabara, na mafuriko ya Juni 2013 yaliua maelfu ya watu katika eneo hilo. Nendeni kuanzia mwishoni mwa Septemba, kabla hekalu halijafungwa baada ya Diwali na sanamu ya Shiva kuteremshwa hadi mji wa Ukhimath ulio chini zaidi kwa majira ya baridi.

Hekalu liko takriban mita 3,580 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Gaurikund, barabara ya magari inapoishia, ni mwendo wa kilomita 16 hivi za kupanda. Wapo nyumbu na wachukuzi wa machela, na zipo helikopta, ambazo wengi huziona kuwa suluhisho kwa wazee. Mimi naziogopa kidogo, kwa sababu humwokoa mama na maumivu ya magoti lakini humfikisha ghafla penye hewa nyepesi kabla mwili haujazoea. Laleni kwanza Guptkashi, mji ulio njiani, usiku mmoja au miwili, na daktari wake ampime kabla hamjakata tiketi. Akiumwa kichwa sana, akitapika au akikosa pumzi akiwa ametulia, mteremsheni mara moja, hata kama hajafika mlangoni pa hekalu.