Estonia: bosi akikusimamia wakati unapiga kura mtandaoni

Mkuu umeuliza kama bosi au mume anaweza kukaa pembeni akakulazimisha kumpigia mtu wake, maana kura ya Estonia unapiga ukiwa sebuleni. Anaweza kabisa, ila haimsaidii kitu. Wale jamaa sheria yao inaruhusu kupiga kura mtandaoni mara nyingi unavyotaka, inayohesabiwa ni ya mwisho tu, sasa bosi akishaondoka unachomeka kadi yako ya kitambulisho kwenye kompyuta, unaweka PIN ya kwanza kujitambulisha, unachagua wako, unaweka PIN ya pili kusaini, basi ile ya bosi imekufa. Hata ukienda kituoni Jumapili ya uchaguzi ukapiga ya karatasi, hiyo ndo inafuta ya mtandaoni.

Na baada ya kupiga inatokea QR code, unaiskani na simu uone kura yako imefika kama ulivyoipiga, ila muda wake ni dk 30 tu.

Uchaguzi wa bunge ujao ni Machi 2027. 2023 zaidi ya nusu ya kura zilikuwa za mtandaoni, chama cha EKRE wakaenda mahakamani kuzipinga wakagonga mwamba, tena hao kelele zao dhidi ya kura za mtandaoni hawajaanza leo 😂. Mimi kinachonitisha siyo bosi, ni seva (kompyuta inayopokea kura), maana ya karatasi hata bibi yangu anaweza kusimama akaihesabu.