Kifaransa cha "ningalijua": jinsi mbuzi sitini walivyonifunza conditionnel passé

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Nachingwea kaniandikia: "Dada, conditionnel passé (lile umbo la kitenzi cha Kifaransa la 'ningalijua') nimeikariri yote, lakini kila nikitunga sentensi mwalimu ananizungushia wino mwekundu. Nakosea wapi?" Akaambatanisha picha ya daftari. Sikuhitaji hata kuikuza. Mstari wa kwanza tu: Si j'aurais étudié, yaani "kama ningalisoma". Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana daftari lile lingeweza kuwa langu la mwaka juzi.

Ujumbe umenikuta nina raha zangu. Matokeo ya DELF B2, mtihani wa cheti cha Kifaransa, yametoka, nimepata 68 kwa 100. Niacheni nijisifu kidogo. Mara ya kwanza, nilipoanguka, hamkuniona nilivyojifungia chumbani Chikongola, hapa Mtwara, nimejifunika khanga gubigubi, mama anagonga mlango anauliza nani amekufa.

Ila siwezi kuanza na mtihani. Lazima nianze na mbuzi.

Nilikuwa nafanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini anayepeleka mzigo Komoro. Makaratasi yalikuwa yangu, na simu za Wangazija zilikuwa zangu. Wengi wao Kiswahili wanakisikia vizuri, lugha yao na yetu ni mtu na nduguye, lakini ikifika kwenye hati na ujumbe wa wakala, ni Kifaransa. Mimi nilikuwa na Kifaransa cha sekondari na kiburi cha mtu aliyemaliza chuo kikuu.

Asubuhi moja wakala wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, akatuma mstari mmoja: Le navire aurait quitté Moroni hier soir. Bosi kasimama mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Wanasemaje?"

Nikasoma mara moja, nikajibu bila kupepesa macho: "Meli imeondoka Moroni jana usiku."

Basi. Mbuzi sitini waliokuwa wanasubiri kijijini wakapakiwa kwenye malori wakaletwa mjini. Vibarua wakalipwa, majani yakanunuliwa, maji yakabebwa kwa madumu. Siku ikapita, meli hakuna. Siku ya pili majani yamekwisha, mbuzi wamehamia kwenye maboksi, na beberu mmoja mwenye doa jeupe usoni akatafuna kona ya fomu niliyokuwa nimeishika mkononi, huku ananitazama. Siku ya tatu bosi akampigia wakala mwenyewe, kaweka spika, ofisi nzima inasikiliza. Yule bwana akajibu taratibu: "Mimi sikusema imeondoka. Nilisema inasemekana imeondoka."

Na alikuwa kweli kasema hivyo. Neno lenyewe ni aurait. Angeandika a quitté, meli imeondoka, habari imekwisha. Alipoandika aurait quitté aliutoa mkono wake: habari nimeisikia, siishikii dhamana. Magazeti ya Ufaransa yanaandika hivyo kila siku. Le ministre aurait démissionné, waziri anadaiwa kujiuzulu. Sisi tuna inasemekana, tuna yadaiwa, tuna eti. Wao wameifunga "eti" yao ndani ya kitenzi, na usipofungua kitenzi huioni. Shuleni tulifundishwa kwamba huu ni wakati wa majuto. Hakuna aliyetuambia kwamba ni wakati wa tetesi pia.

Gharama za siku tatu zilikatwa kwenye mshahara wangu, na mwezi haukuisha nikaambiwa nikapumzike nyumbani. Il aurait pu me demander. Angaliweza kuniuliza mara ya pili, una hakika? Hakuuliza. Lakini wacha, hayo yamepita. (Hayajapita sana.)

Jioni ile nikaitwa kwa mjomba. Wasomaji wa Mtwara mnajua, kwa sisi Wamakonde mjomba akikuita unakwenda. Nikamkuta Mikindani uani kwake, sahani ya ming'oko, viazi vyetu vya porini, mbele yake, anamenya polepole. Akaniacha nikae mpaka nikachoka. Kisha akasema: "Mpwa wangu, kama usingalijifunza nusunusu, haya yasingalitokea." Akanisogezea sahani.

Sentensi ile ilinichoma hata nikaiandika nyuma ya daftari. Nikaapa nitaitafsiri kwa Kifaransa, na nitafanya mtihani.

Miezi ya kusoma naipita, kila mtu anajua kusoma kulivyo. Siku ya mtihani, Dar es Salaam, sehemu ya kuandika: barua ya malalamiko, saa moja, maneno 250. Nikataka kusema kama mngaliniarifu, nisingalisafiri. Nikaandika Si vous m'auriez prévenue, je n'aurais pas voyagé. Nikaitazama. Kuna kitu hakikai. Nikaifuta, nikaandika nyingine, nikaifuta. Nikarudisha ya kwanza. Nilipotazama saa, nusu ya muda imekwenda na karatasi ina matope ya wino. Barua yangu haikufika hata maneno mia.

Matokeo: jumla 53, na kufaulu ni 50. Nilishaanza kushangilia kabla sijaona mstari wa kuandika: 4.5 kwa 25. Kwenye DELF ukishuka chini ya 5 katika sehemu yoyote moja umeanguka, hata jumla ikiwa nzuri namna gani. Nusu alama, jamani. Ndiyo hapo khanga ilipohusika.

Jibu lilikuwa nyuma ya daftari siku zote. Niliirudia sentensi ya mjomba nina kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini ya kila -ngali-. Zilikuwa mbili: u-si-ngali-jifunza, ya-si-ngali-tokea. Chini yake tafsiri yangu ya Kifaransa nayo ilikuwa na mbili, aurais hapa, serait pale, pale pale zilipo -ngali-. Nilikuwa naandika Kiswahili nilichokivisha kofia ya Kifaransa. Sisi -ngali- inasimama kwa miguu miwili, kwenye sharti na kwenye matokeo. Mfaransa anasimamia mguu mmoja. Baada ya si ya sharti, yaani "kama" yao, conditionnel haikanyagi; panakaa plus-que-parfait, wakati uliopita kabla ya uliopita. Si tu n'avais pas appris à moitié, cela ne serait pas arrivé. Na ile barua ya mtihani: Si vous m'aviez prévenue, je n'aurais pas fait le voyage. Upande wa si ni avais, aviez, avaient (au étais na wenzake). Upande wa pili ndio aurais (au serais).

Sasa mdogo wangu, kulijenga umbo lenyewe si kazi. Chukua avoir (kuwa na) au être (kuwa) katika conditionnel présent, lile umbo la -nge-, ongeza participe passé, umbo la kitenzi kama fini au parti. J'aurais, tu aurais, il aurait, nous aurions, vous auriez, ils auraient. Kisha je serais, tu serais, il serait, nous serions, vous seriez, ils seraient. Wengi wanachukua avoir. Être inachukuliwa na kundi la kwenda na kurudi na wenzake, aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, rester, tomber, naître, mourir, pamoja na vitenzi vyote vya kujitendea: je me serais levé. Ukiwa na être, participe inamfuata mtenda. Wewe kijana utaandika je serais parti, mimi dada yako naandika je serais partie. Mambo ya avoir na kitendwa kilichotangulia yana somo lake, siku nyingine.

Chunga s moja. J'aurai fini ni nitakuwa nimemaliza. J'aurais fini ni ningalimaliza. Masikioni zinakaribia kulingana, kwenye karatasi ni mtu mwingine kabisa. Na chunga mazoea yetu ya mtaani ya kuchanganya -nge- na -ngali-. Hapa sokoni mtu akisema "ningejua nisingekuja" tunamwelewa kwamba ameshakuja na anajuta. Kifaransa hakikuelewi kwa kubahatisha. Je viendrais, ningekuja, mlango bado uko wazi. Je serais venu, ningalikuja, mlango umefungwa na wageni wameshaondoka.

Mazoezi? Mimi nilijiwekea juto moja kwa siku. Kila usiku kabla ya kulala naandika jambo moja nililokosea siku ile: j'aurais dû appeler ma mère, nilipaswa kumpigia mama. Je n'aurais pas dû répondre, sikupaswa kujibu. Nikimaliza natafuta si, naitazama kinachoifuata. Kesho yake hivyo hivyo. Hakuna dawa nyingine niliyotumia, na nawashangaa wanaonunua programu za simu kumi wakati majuto ya bure wanayo tele. Vijana wa siku hizi mnataka kufika Moroni kabla hamjafika bandarini. Mnakariri jedwali mnasema mnajua. Jedwali hata mimi nilikuwa nalijua siku ile beberu anatafuna fomu! Kaa na sentensi moja mpaka uione mifupa yake. Andika, futa, andika tena, lakini fanya hivyo nyumbani, usiende kufutia kwenye mtihani kama mimi.

Yule kijana nilimrudishia mstari wake hivi: Si j'avais étudié, j'aurais réussi. Akajibu, "Kumbe ni hapo tu, dada?" Ndiyo, ni hapo tu, na hapo tu pamenila mshahara na mwaka mzima.

Ijumaa simu yangu ikalia. Namba ya bosi wa zamani, hatujasemezana tangu aliponipumzisha. Hakusalimu. Kanitumia picha ya ujumbe: Le bateau aurait eu une panne près de Mohéli. Chini yake kaandika, "Wanasemaje?"

Nikamjibu: "INASEMEKANA meli imeharibika karibu na Mohéli." Nimeliandika hilo neno la kwanza kwa herufi kubwa. Tiki mbili za buluu, hajajibu mpaka leo.