Barua kwa mwanangu: kuhusu ile chumvi ya pinki

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Makete hatujambo. Viazi tumeshachimba, na presha ya mama yako imetulia tangu alipoacha kuruka vidonge vyake. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama ni kweli kwamba chumvi ya pinki, ile ya Himalaya anayoisifu jirani yako hapo Dar, haipandishi presha, na kama uanze kuitumia wewe na ujauzito ulio nao na kututumia na sisi kwa ajili ya mama.

La presha nakujibu upesi. Chumvi ile huchimbwa Khewra, huko Pakistani, na rangi yake inatokana na chembechembe za chuma. Karibu yote, kama sehemu 98 kwa 100, ni chumvi ileile tunayoijua. Kinachopandisha presha ni sodiamu, nayo imo humo kama ilivyo kwenye ya dukani kwa Mangi. Hayo madini mengine wanayoyapigia debe yamo kweli, lakini ni kidogo mno kukusaidia lolote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na humo wamehesabu iliyomo kwenye mkate, kwenye chipsi, na kwenye vile vidonge vya mchuzi mnavyovivunjia sufuriani siku hizi. Mama yako apunguze chumvi, ya rangi yoyote ile. Hilo limeisha.

Kinachonikosesha usingizi ni jambo ambalo hukuliuliza. Chumvi ya namna hiyo mara nyingi huuzwa bila kutiwa madini joto, yaani ayodini.

Wewe umezaliwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, zimeanza kupungua, ndiyo maana jambo hili halikushtui. Lakini unamkumbuka shangazi yako mkubwa na kitenge chake shingoni, hata jua la saa saba. Nyie watoto mlidhani anaogopa baridi. Alikuwa anaficha rovu. Na hakuwa peke yake: huku milimani mvua imeyaosha madini hayo kwenye udongo kwa karne na karne, basi mahindi, viazi na kabichi tunazolima hutoka bila kuwa nayo ya kutosha. Tezi ya shingoni ikiyakosa huvimba. Uvimbe ndio unaoonekana, lakini ubaya mkubwa uko kwa mtoto aliye tumboni. Miezi ya mwanzo hana homoni za tezi za kwake, anategemea za mama, na ubongo wake unajengwa kwa hizo. Mama akipungukiwa sana, mtoto anaweza kuzaliwa bubu na kiziwi, au akili ikawa nzito maisha yake yote. Katika kijiji chetu watoto wa namna hiyo walikuwapo, na watu walisema wamerogwa. Majirani walinuniana miaka na miaka kwa sababu hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilikuwa inagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, za mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na kwingineko. Kidonge kikishamezwa kilitosha mwaka na zaidi. Kwetu ukaitishwa mkutano pale shuleni nilipokuwa nafundisha. Akaja mtaalamu mmoja, ofisi yake siitaji. Akatupa macho kwenye umati, akamwona dada yangu amekaa mkekani na wanawake wenzake. Akamwita mbele. Akamwambia, mama, vua hicho kitenge watu waone.

Akavua. Yule bwana akamshika shingo kwa vidole viwili, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, anatueleza hatua za ugonjwa. Watoto niliowafundisha mimi mwenyewe wakaanza kucheka. Dada yangu alikuwa amekaza macho kwenye bati la darasa la pili, hakuyashusha. Halafu vilipoanza kugawiwa vidonge akaambiwa vyake havipo, ni vya watoto na akina mama wa umri wa kuzaa, na rovu la miaka mingi kama lake halirudi kwa kidonge. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kitaalamu. Lakini yangeweza kusemwa pembeni, kwa heshima, na kabla ya kumsimamisha. Mpaka leo nikilikumbuka lile darasa damu inanichemka.

Sasa sikiliza alichofanya. Siku ya pili yake uvumi ulikuwa umeenea kwamba vidonge vile ni vya kuwafunga wasichana uzazi. Nyumba nyingi zikawaficha mabinti. Shangazi yako akawachukua wanawe, unaowaita dada zako hadi leo, akawapeleka wa kwanza kabisa. Walipokwisha kumeza akateremka kisimani saa ya kuteka maji, wanawake wamejaa. Akakivua kile kitenge mwenyewe, bila kuitwa na mtu. Akasema, "Itazameni vizuri. Hii ndiyo mnayowawekea wanenu akiba." Kufika mchana foleni ilikuwa imezunguka ofisi ya kijiji. Mtaalamu akaandika kwenye taarifa yake kwamba wananchi wameitikia vizuri.

Kwa hiyo nasema, kama nilivyowaambia siku zote, na mama yako akisikia hucheka kwa kuwa anakijua kinachofuata: kinga ya watu wote ipite jikoni. Kidonge kinahitaji gari, na mkutano, na mtu wa kusimamishwa mbele za watu. Chumvi inaingia kila nyumba, kwa tajiri na kwa fukara, kila siku, wala haimwaibishi mtu. Katika miaka ya 1990 sheria ikaja kwamba chumvi ya kuliwa nchini itiwe madini joto. Tukaletewa shuleni vichupa vya kupimia. Nikawaagiza wanafunzi kila mmoja aje na chumvi ya kwao imefungwa kwenye karatasi. Tukazipanga dirishani, tone moja moja. Iliyokuwa na madini ikageuka bluu ya zambarau papo hapo, isiyokuwa nayo ikabaki nyeupe. Sijapata kufundisha somo la sayansi likanyamaziwa namna ile. Jioni watoto wakaenda kuwasimanga wazazi wao kwa nini wananunua ya kwenye gunia la wazi.

Matokeo yakaonekana. Miaka ya 1980 karibu robo ya watu nchini walikuwa na rovu. Walipopima watoto wa shule mwaka 2004, walikuta kama 7 kwa kila 100. Hiyo ni kazi ya chumvi ya bei rahisi kabisa kwenye rafu.

Najua utanijibu. Utasema, baba, mimi niko pwani, nakula samaki wa Feri, sina udongo wa Makete chunguni mwangu. Hoja hiyo ina uzito, samaki wa baharini wana madini hayo, na mayai na maziwa pia yanachangia. Lakini Unguja na Pemba zimezungukwa na bahari, na walipopima watu huko wakakuta upungufu. Bahari kuwa mlangoni haitoshi.

Nami najibishana mwenyewe hapa mezani. Ni haki serikali kuingia kwenye sufuria ya mtu? Kuna wavunaji wadogo wa Lindi na Bagamoyo wanaokausha chumvi kwa mikono yao, na kutia madini ni gharama kwao, na wengine wanaambiwa bidhaa yao haifai. Hilo linaniuma. Na madini joto yakizidi sana nayo yanasumbua tezi, hasa kwa mwenye rovu la zamani, kwa hiyo si kwamba ukiongeza ndiyo bora zaidi. Nakubali yote hayo. Bado nikipima, upande mmoja naona hasara inayoweza kurekebishwa kwa kuwasaidia wavunaji mashine na madini yenyewe, na upande wa pili naona mtoto ambaye ubongo wake haurudi nyuma kujengwa upya. Kinga ipite jikoni, mwanangu. Wavunaji wasaidiwe, lakini ipite.

Wala usidhani kupunguza chumvi kwa ajili ya presha kunagombana na hili. Piga hesabu. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kila kilo, gramu 5 zake zinakupa maikrogramu 150, ndizo anazohitaji mtu mzima kwa siku. Mjamzito anahitaji 250, ndiyo maana kliniki nataka uwaulize waziwazi kama vidonge wanavyokupa vina madini joto au ni vya kuongeza damu tu. Chumvi yenyewe iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko na unyevu, na uitie mboga ikikaribia kuiva, maana madini hayo hupotea kwa moto na kwa kukaa wazi.

Je, uinunue hiyo ya pinki? Nilikuwa nimeshaandika jibu, mama yako akalisoma akaniambia wewe ni mtu mzima na una nyumba yako, nisikupangie. Haya, sikupangii. Kama unaipenda kwa ladha au kwa kumridhisha jirani, hilo ni lako na mumeo. Ila geuza pakiti usome kwa nyuma kama imeandikwa imetiwa madini joto, na kama haijaandikwa, basi angalau ya kupikia chakula chako mpaka ujifungue na unyonyeshe iwe ya kawaida iliyotiwa madini joto. Ya mama usitume. Nijibu kliniki wamesema nini.

Baba yako