Kabla hujatoa hela ya kisu cha zamani soma msuka, pale bapa linapoingia kwenye mpini (mimi sikusoma, nikapigwa dola 280)

Juzi dogo mmoja wa Dallas kanitumia meseji: "Shikamoo kaka, nimepata kisu cha Remington cha miaka ya 20, kile chenye alama ya risasi kwenye mpini, jamaa anataka dola 240 anasema kilikuwa cha babu yake, nichukue?" Nimeisoma, nikaweka simu chini nikaenda kubandika chai. Jibu ninalo, shida ni kwamba meseji kama hiyo nilitakiwa kuiandika mimi mwaka 2018, nikamuulize mtu, na sikumuuliza mtu kwa sababu nilishajiona profesa.

Kwa wasionijua, mimi dereva wa lori, njia yangu kubwa ni Ohio na Pennsylvania, na toka 2013 nakusanya visu vya zamani vya Kimarekani, vile vya kukunja vya mfukoni na vya kuwindia vyenye ala. Mpaka leo ninavyo 61. Mke wangu anaviita vyuma chakavu lakini wageni wakija yeye ndio wa kwanza kusema baba Zuhura hebu waonyeshe.

Ugonjwa ulinipatia Bradford, mji mdogo kaskazini mwa Pennsylvania, ndio kwao visu vya Case (Zippo wa vile viberiti vya chuma nao wako hapohapo, na ndio waliokuja kuinunua Case mwaka 1993). Nilipaki lori, nikazurura kwenye gulio la mitumba, mzee mmoja kapanga mezani nyundo na koleo kuukuu na katikati yake kisu cha kukunja chenye mabapa mawili marefu. Sikujua chochote mimi. Nilipenda ule mlio tu, ukikifunga kinasema TAP, hakilegei kama mlango wa choo cha stendi. Nikatoa dola 35. Usiku nimelala kwenye lori nikakimulika na tochi ya simu, pale bapa linapoingia kwenye mpini, kwenye msuka, naona CASE XX U.S.A. na chini yake vidoti. Nikahesabu, kumi.

Jamani vile vidoti ni kalenda! Mwaka 1970 Case waliweka doti kumi, halafu kila mwaka wakawa wanapunguza moja, kwa hiyo doti tisa ni 1971, saba ni 1973, moja ni 1979. Mwaka 1980 wakaanza tena na kumi ila safari hii herufi S wakaichonga kali kama radi ili watu wasichanganye. Ukikuta CASE XX U.S.A. bila doti hata moja hicho ni cha 1965 mpaka 1969, na CASE XX tupu bila U.S.A. ni cha kuanzia 1940 hivi mpaka 1964, na cha kabla ya hapo kimeandikwa CASE TESTED XX na ukikiona cha namna hiyo kaa chini kwanza upumue. Upande wa pili wa msuka kuna namba, changu kilikuwa 6254. Ile 6 ni mpini wa mfupa (baadaye plastiki ya kuiga mfupa nayo wakaisweka humohumo kwenye 6), 2 ni mabapa mawili, 54 ni umbo, ndio linaloitwa trapa, kisu cha watu wa kutega wanyama wa manyoya. Yaani kisu kimebeba cheti chake cha kuzaliwa. Cha dola 35! Mwaka uliofuata nikapewa ofa ya dola 150 nikakataa, na nitaendelea kukataa.

Na hili halikutakiwa kuwa geni kwangu. Kwetu Lushoto nimekua naona wazee wakienda dukani kununua panga, hawaulizi muuzaji katoa wapi, wanaligeuza wanatafuta muhuri wa mamba, wakiukosa wanarudisha panga wanaondoka. Muuzaji anaweza kuapa mpaka jioni. Mimi mjukuu wao nikafika Marekani nikaanza kusikiliza hadithi.

Sasa hiyo 2018. Gulio la Ohio, jamaa wa makamo, sauti ya taratibu kama mchungaji kwenye msiba. Ananiambia babu yake alikuwa anatega wanyama mtoni wakati wa ule mdororo wa uchumi wa miaka ya 30, anauza ngozi, analisha watoto sita, na kisu chake ndio hiki. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Remington wale wa bunduki, alama ya risasi ubavuni, msuka una muhuri wa duara na namba ya modeli, R1123. Hiyo R1123 kwa wakusanyaji ni kama kukutana na twiga chumbani, inatajwa sana na haionekani. Remington walitengeneza visu vya mfukoni miaka kama 20 tu, 1920 mpaka 1940, na vyenye risasi ndivyo vinavyogombewa. Mapigo ya moyo yakaenda mbio. Alitaka 350, nikamshusha mpaka 280 na nikajiona mjanja ajabu, hela yenyewe nilikuwa nimetenga ya tairi.

Wiki ile nikampelekea mzee mmoja mkusanyaji, wa miaka mingi, nikitegemea atanionea wivu. Akatoa kioo chake cha kukuzia, hata dakika haikuisha. Akasema kijana hiki ni cha 1982. Kumbe Remington walirudi mwaka huo wakaanza kutoa upya visu vya risasi na cha kwanza kabisa kilikuwa R1123 hiyohiyo! Kisu halali kabisa, kizuri, ila sio cha babu wa mtu aliyetega kitu chochote wakati wa mdororo wowote. Niliingizwa mjini mimi, mtu mzima, na risiti sina. Nikafanya kosa la pili nikasimulia kwenye grupu letu la WhatsApp, kuna mtu mpaka leo hii haniiti jina, ananiita Remington. Nimeshamwambia aache. Haachi.

Alichonionyesha yule mzee ndicho ninachokupa wewe dogo wa Dallas. Mfupa halisi ukiutazama kwa kioo una vitundu vidogovidogo, kama vichomo vya sindano, vingine vimejaa uchafu wa miaka, maana damu ya ng'ombe ilikuwa inapita humo. Plastiki haina. Watakwambia uchome sindano ya moto usikie harufu, usichome, kikiwa halisi umeshakitoboa cha watu na utakilipia. Kioo cha dola 10 kinatosha. Halafu tazama bapa, mtu kachuna wanyama nacho miaka kumi na tano, kakinoa kila wiki, bapa linabakije pana vile kama limetoka dukani? Langu lilikuwa pana, safi, limenona, na mimi nikalisifia badala ya kulitilia shaka. Kisu na hadithi vilikuwa vinagombana mbele ya macho yangu na mimi nikachukua upande wa hadithi.

Baada ya hapo nimekuwa mkorofi. Mwaka jana mama mmoja alikuwa anauza vitu vya marehemu kaka yake, kuna Buck 110, lile kubwa la kukunja la kuwindia lenye shaba pande zote mbili za mpini, limetoka mwaka 1964 na kila kampuni imeliiga. Ananiambia kaka alikwenda nalo Vietnam. Nikaligeuza, pembeni ya namba 110 kuna kialama. Buck walianza kuweka vialama vya mwaka mwaka 1986, vita vimeisha 1975. Sikumwambia kitu yule mama, kafiwa, labda kaka yake alikuwa na la zamani likapotea akanunua jingine, nikampa dola 30 ya kisu tu, ya Vietnam sikulipia. Schrade, kampuni nyingine ya visu, hivyohivyo, kiwanda kilifungwa New York mwaka 2004, jina likauzwa, sasa hivi visu vyao vya Old Timer vingi vinatengenezwa China na bado kuna watu wanakwambia ni vya miaka ya 60. Geuza, soma. Soma msuka. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Kutunza nako nimeumia. Mipini mingi ya zamani ile ya rangi rangi, ya kung'aa kama shanga, ni seluloidi, plastiki ya zamani, na seluloidi ikizeeka inaoza, inatoa hewa ya tindikali inayokula chuma. Nilifungia kimoja kwenye boksi la bati na vingine vitatu, nikaenda safari za msimu wa baridi, narudi vyote vinne vina kutu mpaka ndani ya springi. Seluloidi ikae peke yake, mahali penye hewa. Na vya kuwindia usivihifadhi ndani ya ala zao, ngozi ina dawa za kiwandani na inavuta unyevu, utakuta shaba imeota ukijani. Kisu pembeni, ala pembeni, mafuta kidogo basi. Na usikisugue king'ae! Ule weusi wa kijivu kwenye chuma cha zamani ndio umri wenyewe, nimeona mtu kapitisha Case ya miaka ya 50 kwenye mashine ya kung'arishia, muhuri ukabaki kivuli, kakiua kwa mikono yake halafu ananiuliza kwa nini hakinunuliki.

Vijana wa siku hizi mnataka kupata bila kukaa chini kujifunza. Mnaona picha yangu ya doti kumi mnadhani kila meza ina doti kumi, hamjui Jumamosi ngapi nimerudi kwenye lori mikono mitupu na soksi zimelowa. Ukiona tamaa imepanda rudisha kisu mezani, zunguka gulio zima, kanywe kahawa, kikiwa kimeondoka kimeondoka. Muuzaji akikuharakisha jua anakuficha kitu. Mimi yule wa 2018 alinambia kuna mtu mwingine kaenda kutoa hela kwenye mashine anarudi sasa hivi. Hakuna aliyerudi.

Kwa hiyo dogo, usilipe kwanza. Nitumie picha ya msuka, pande zote mbili, kwenye mwanga wa jua, picha ya mpini baki nayo. Cha kwangu cha 1982 kiko jikoni, mke wangu anamenyea maembe, na kwenye kukata kwa kweli kinakata.