Futa hilo jengo namba moja kabla ya Jumanne (jibu kwa aliyeuliza kuhusu chekechea ya wadi yao)

Msiombe jengo. Nakwambia wewe mleta mada na kamati yako nzima.

Umeuliza kama orodha yenu imekaa sawa, na kama kituo cha kulea watoto nacho ni kazi ya kaunti. Umesema kaunti inakuja Jumanne kukusanya maoni ya ADP, yaani mpango wake wa maendeleo wa mwaka, na orodha yenu ya mambo ya watoto wadogo ndiyo hii: darasa jipya la chekechea, ua na geti, kituo cha kulea watoto pale sokoni, halafu mwisho kabisa uji. Uji mwisho! Nimeisoma ndani ya matatu nikasema "La hasha!" kwa sauti, kondakta akadhani nakataa kulipa nauli.

Orodha kama hiyo naijua kwa sababu niliwahi kuiandika mimi, ya kijiji chetu. Agosti 2021, katibu wa kamati ya kijiji, mwandiko mzuri, nakala tatu. Kaunti sitaitaja, bado naishi humo.

Wakati huo tulikuwa na watoto 43 wakisomea chini ya mkwaju kando ya madrasa. Mwalimu mmoja, Bi Mwalimu tu tukimwita, mzazi anatoa shilingi 200 kwa mwezi, na asiyekuwa nazo analeta kuni au kibaba cha unga. Saa nne uji. Mvua ikinyesha wanaingia barazani. Aibu yetu ilikuwa ule mkwaju. Tulitaka na sisi tuwe na darasa lenye bati kama kijiji cha jirani.

Siku ya kikao alikuja bwana mmoja wa ofisi ya wadi, kalamu tatu mfukoni, akatuita pembeni kama mtu anayetupa siri. "Ombeni jengo. Likisimama, mwalimu atafuata. Serikali haiwezi kuacha jengo bila mwalimu."

Inaweza, ndugu yangu. Inaweza na usingizi ikapata.

Jengo lilikuja. Milioni 2 na ushee, mawe mazuri, mabati ya buluu, ukutani twiga mwenye shingo fupi kwa sababu mchoraji aliishiwa na ukuta. Likakamilika Juni 2023. Mwaka wa fedha ukafungwa tarehe 30 na kontrakta hajalipwa. Akaja na kufuli la ukubwa wa kiganja, akafunga, akaondoka na ufunguo. Mwaka mzima tukawa tunachungulia dirishani kuona viti vyekundu na vya manjano vimefunikwa nailoni. Watoto wanachungulia nasi, wanauliza "Tunaingia lini?" Mimi nawaambia wiki ijayo. Nimesema "wiki ijayo" mpaka mjukuu wangu akaanza kuniita hivyo.

Lakini kufuli si hasara kubwa. Subiri.

Wazazi walipoona jengo lina nembo ya kaunti, waliacha kutoa zile 200. "Si ni ya serikali sasa?" Ukiwaeleza kwamba kaunti haijaajiri mtu, wanakutazama kama umekula pesa. Bi Mwalimu alivumilia miezi minne bila senti. Mwezi wa tano akaja nyumbani na lile daftari la mahudhurio limefungwa kwa kanga, akaliweka mezani, akasema amepata kazi shule ya binafsi mjini. Sikuwa na la kumjibu. Uji ulikufa wiki hiyo hiyo, maana sufuria ilikuwa yake.

Kwa hiyo tulianza na watoto 43, mwalimu na uji, bila jengo. Tukamalizia na jengo. Kufuli lilipotoka 2024, wa kwanza kuingia walikuwa mbuzi wa Mzee wa msikitini, na wallahi walihudhuria vizuri kuliko tulivyotarajia.

Sasa sikia pigo lenyewe. Agosti ile nikarudi kikaoni, safari hii nikaomba mwalimu. Kijana wa mipango akafungua kompyuta, akanionyesha ramani ya wadi. Kijijini kwetu pana kidoti cha kijani. "Mzee, ninyi mnacho kituo tayari. Tunaanza na wasio nacho." Tukateremshwa mkiani. Kwenye karatasi zao sisi tumehudumiwa! Lile jengo tupu ndilo lilitunyima nafasi. Laiti tungebaki chini ya mkwaju tungekuwa namba mbili au tatu.

Na yule bwana wa kalamu tatu alijua. Siamini kwamba hakujua, maana ndiyo kazi yake. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Jengo ni maendeleo. Mshahara ni matumizi ya kawaida, na kanuni za 2015 zinabana mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Basi ukiomba jengo unamsaidia kutimiza hesabu zake, ukiomba mwalimu unamwongezea kichwa kuuma. Tena jengo lina utepe wa kukata na picha ya mheshimiwa. Nani amewahi kukata utepe wa mshahara?

Kwa hiyo namba moja yenu iwe hivi, iandikeni kwa maneno haya haya: nafasi ya mwalimu wa kituo fulani, ilipwe kutoka matumizi ya kawaida ya idara ya elimu. Namba mbili uji. Jengo tupeni huko chini. Na siku ya kikao simama uulize mbele ya watu: "Mwalimu wa hapa atalipwa kutoka kifungu gani?" Akikujibu "atafuata", usikae. Uliza tena. Mwombe karani aandike swali lako kwenye kumbukumbu, na usiondoke kabla hujaona kalamu ikitembea.

Msije mkalala baada ya Jumanne pia. ADP inafika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, sawa, lakini Februari, kufikia tarehe 28, inaletwa ile karatasi ya mikakati ya fedha, na humo ndimo kila idara inapangiwa kiwango chake. Makadirio ya bajeti yanafuata mwisho wa Aprili. Ukija Aprili na kilio cha mwalimu wakati idara ya elimu imeshapangiwa bila yeye, utaimba tu. Sisi Februari tulikuwa tunagombania rangi ya bati.

Yule aliyekushauri hapo juu muende kwa mbunge mpate pesa za CDF, ule mfuko wa maendeleo wa jimbo, mpuuze. Hizo ni za kazi za serikali kuu. Chekechea iko chini ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, pamoja na vituo vya kulea watoto. Na hapo nakujibu swali lako la pili: mtu asikwambie kaunti inahusika na PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya chekechea, peke yake. Cha sokoni kiombeni. Ila na hapo msianze na chumba! Lazima yuko mama hapo karibu anayewashikia wenzake watoto kwa hamsini hamsini. Ombeni mafunzo yake, mikeka, tangi la maji. Mlezi kwanza.

Uji usiuone mdogo. Bi Mwalimu alikuwa anajua mahudhurio kwa kutazama sufuria, siku isiyo na unga daftari linajaa nusu. Nairobi tangu 2023 mtoto anatoa shilingi 5 anapata chakula cha mchana, na chekechea za kaunti zimo. Ninyi mnataka unga na sukari tu, kweli mmeweka chini ya geti? Geti la kumzuia nani atoke?

Kuhusu kupanga vijiji nani aanze, hesabuni watoto wasio na mwalimu, msihesabu majengo. 

Weka hapa orodha mpya Jumatatu niione. Nikikuta jengo bado liko namba moja, nakuja huko mwenyewe na mbuzi wa Mzee, nawasajili PP1.